Kuku wa nazi wa dakika 15? Mastaa, acheni kutupiga changa la macho!

Kuna staa mmoja hapa mjini, wafuasi kibao, kila wiki anaposti "kuku wa nazi, sufuria moja, dakika 15". Kuku wa kienyeji huyo! Kwa moto gani? Ukweli ni kwamba dada wa kazi kashamchemsha tangu mchana, bosi anakuja kumimina tui na kutabasamu kwenye kamera.

Sasa mdada wa watu katoka kazini saa mbili usiku, anaiga. Kuku ana damu mfupani, tui limekatika, mume kanuna: "Mbona mwenzio anaweza?"

Sufuria moja inawezekana, ila semeni kweli. Chukua broila, kata vipande vidogo. Kaanga kitunguu, tangawizi, nyanya na bizari. Tia kuku na tui jepesi, funika nusu saa hivi mpaka aive. Tui zito liingie mwisho, moto mdogo, koroga, usifunike. Kamulia ndimu. Ni kama dakika 45, na hakuna aibu hapo.

Aibu ni kuvuna laiki kwa jasho la dada wa jikoni asiyetajwa hata jina. Au nyie wadau mnasemaje?