Ongeza Mwanachama, Vuruga Kikundi

KIBARAZA CHA MPAKANI
Na Mpiga Foleni

Wiki hii nimeudhika, na safari hii si kwa malori. Wasomaji wangu wa siku zote wapumue.

Nilikuwa steshenari hapa Tunduma nikisubiri fotokopi. Mbele yangu alikaa mama muuza mchele, katibu wa kikundi, akijaziwa fomu ya mkopo ya taasisi ambayo jina lake nalimeza. Fomu ya mtandaoni, ya kisasa: ukibofya "Ongeza mwanachama", mstari mpya unachomoza wa jina, simu na namba ya NIDA. Kijana akachapa tarakimu 20 za kila mama, huku intaneti ikirukia Zambia na kurudi. Akahifadhi. Safi.

Kisha mama akakumbuka kuwa mwenzao mmoja amejitoa na mwingine kabadili laini. Kijana akafungua tena, akafuta mstari wa aliyejitoa, akarekebisha simu, akahifadhi. Yakatokea maandishi ya kijani: "Taarifa zimehifadhiwa kikamilifu." Kikamilifu! Majina yalikuwa sawa, ila kuanzia pale palipofutwa kila mama alikuwa na namba ya NIDA ya mwenzake. Siku ya marejesho atadaiwa nani?

"Mama, tuanze upya," kijana akasema, wala hakushtuka. Hapo ndipo damu iliponipanda. Kumbe amezoea!

Hakuna uchawi hapa. Kila mstari ungepewa namba yake ya ndani, isiyobadilika hata wa juu yake ukifutwa, mfumo ungejua yupi wa zamani, yupi mgeni, yupi katolewa. Wao wameitambua mistari kwa nafasi tu: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Walijaribu kwa mwanachama mmoja, wakapiga picha za uzinduzi, wakala keki. Habari ya kurekebisha wakatuachia sisi wa mpakani.

Kwenye daftari la kikundi unakata jina, unasaini pembeni, wengine hawasogei. Hata nchi iliongeza mstari mwaka 2016, Songwe ikamegwa kutoka Mbeya, na sikusikia kwamba Rukwa iliamka ikiitwa Njombe.

Mama alilipia kujaziwa mara ya pili. Nikamwomba kijana ashuke hadi mwisho wa fomu, nina neno na wenye mfumo. Kisanduku kilikuwepo, kimeandikwa: "Maoni ya mteja (si lazima)."