Kushukuru Si Kuridhika

Ndugu waamini, na hasa ninyi viongozi wa walei mnaosimamia Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, leo nawaandikia juu ya kosa nililolitenda mimi mwenyewe nikiwa mimbarini. Naliandika hadharani kwa kuwa naamini si langu peke yangu.

Katika parokia yetu imo familia moja yenye mtoto wa kiume mwenye umri wa miaka sita, aliyezaliwa na ugonjwa uitwao hemofilia. Wazazi wake wameniruhusu kueleza habari zao, ila si majina yao wala kigango chao, nami nitaitii ahadi hiyo. Wengi wetu hatujapata kulisikia jina la ugonjwa huu, na si ajabu. Ile aina yake iliyo ya kawaida zaidi, yaani hemofilia A, huwapata takriban mtoto 1 katika kila wavulana 5,000 wanaozaliwa. Mwenye hemofilia amepungukiwa na mojawapo ya protini zinazoifanya damu igande mtu aumiapo. Watu hudhani kwamba damu yake humtoka kwa kasi kuliko yetu. Sivyo. Humtoka kwa muda mrefu zaidi, na hatari kubwa haimo katika mkwaruzo unaoonekana, bali katika damu inayovuja ndani kwa ndani, katika magoti, vifundo vya miguu na viwiko, na mara nyingine ndani ya kichwa. Goti huvimba, huwa la moto, mtoto hulia usiku kucha asiweze hata kufunikwa shuka. Jambo hilo likijirudia mara nyingi bila dawa, kiungo huharibika, na mtoto hulemaa angali mdogo.

Aghalabu ugonjwa huu hurithiwa kwa njia ya mama, naye mwenyewe mara nyingi haoni dalili yoyote kubwa mwilini mwake. Na katika takriban theluthi moja ya wagonjwa huzuka tu katika ukoo ambao haukuwa nao kamwe. Mama wa mtoto wetu alikuwa na kaka wawili. Mmoja alifariki jandoni kwa kutokwa damu, akiwa na miaka kumi, na wazee wakasema mizimu haikuridhika na tambiko. Basi mwanawe naye alipotahiriwa katika zahanati, damu ikaendelea kumtoka siku mbili, maneno yale ya zamani yakarudi, safari hii yakimwelekea yeye. Alipoanza kutambaa, mtoto alijaa mavilio ya rangi ya zambarau mapajani na kifuani, na mhudumu mmoja wa afya akawashuku wazazi kwamba wanampiga. Ilipita karibu miaka miwili kabla hawajapelekwa Dar es Salaam, ambako Hospitali ya Taifa ya Muhimbili inayo kliniki ya hemofilia, na huko ndiko walikopewa jina la ugonjwa. Mama aliniambia kwamba siku ile alilia kwa furaha. Nilishangaa: furaha gani kuambiwa kwamba mtoto ana ugonjwa wa maisha? Akanijibu, “Padre, nilikuwa nimeitwa mchawi miaka miwili. Siku ile niliitwa mama wa mgonjwa.”

Sasa nifike kwenye shukrani yao, maana hapo ndipo nilipojikwaa.

Jioni moja nilifika nyumbani kwao bila taarifa, nikawakuta wakisali. Baada ya Rozari wana desturi yao: kila mmoja hutaja jambo moja analomshukuru Mwenyezi Mungu siku hiyo. Hawashukuru kwa jumla kama tulivyozoea wengi wetu, tunaotaja uzima na pumzi kisha tukaenda kula. Baba alimshukuru Mungu kwa ajili ya mwenye duka la soda, anayewatunzia chupa za dawa katika jokofu lake, kwa sababu dawa ile sharti ikae kwenye baridi ya nyuzi kati ya 2 na 8, nao hawana umeme. Mama alishukuru kwa ajili ya konda wa basi ambaye, bila kuombwa, aliwaketisha kiti cha mbele ili goti la mtoto lisigongwe na mizigo. Dada yake mtoto alishukuru kwa barafu. Kisha zamu ikamfikia mgonjwa mwenyewe, goti lake la kulia likiwa limevimba na kufungwa kitambaa. Akasema, “Asante Mungu kwa goti la kushoto.”

Nilirudi nyumbani kwa mapadre nikiwa na homilia yangu tayari. Jumapili iliyofuata ilikuwa karibu na Siku ya Wagonjwa Duniani, ile ya tarehe 11 Februari iliyoanzishwa na Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1992. Niliisimulia habari ya goti la kushoto bila kutaja jina, ingawa kila mtu alijua ni nani. Nikawaambia waamini: tazameni, hawa wana shida kubwa kuliko zenu, na bado wameridhika, ninyi mnanung’unika nini? Watu waliguswa, wengine walilia. Nakiri kwamba nilijisikia kuwa nimehubiri vizuri.

Siku ya Jumanne mama yule alikuja ofisini.

“Tumsifu Yesu Kristo, Padre.”

“Milele amina, mama. Karibu uketi.”

Hakuketi. “Padre, unisamehe kama nitasema vibaya. Jumapili uliwaambia watu kwamba sisi tumeridhika. Sisi hatukusema tumeridhika. Tulisema tunashukuru.”

Kisha akanieleza yaliyotokea. Jumatatu jioni katika jumuiya yao ilisomwa orodha ya wenye shida watakaosaidiwa mwezi huo. Alikuwa ameomba nauli ya kwenda kliniki, safari ya siku nzima kwa basi. Kiongozi wa jumuiya, mtu mwema kabisa ninayemfahamu, alilivuka jina lake akasema kwamba Padre mwenyewe ameshuhudia imani ya familia hiyo, hivyo tuwatazame kwanza wale waliokata tamaa.

Ndugu zangu, nilipewa miaka mingi ya falsafa na teolojia seminarini, na hakuna aliyepata kunipa somo fupi namna ile. Nilikuwa nimechukua sala ya watu, nikaigeuza kuwa hati ya kuwafungia mlango.

Tangu siku ile nimekuwa nikiitafakari tofauti hiyo. Aliyeridhika hana la kuomba zaidi. Anayeshukuru amekiona kilicho chema na amekitambua aliyekitoa. Hajasema kwamba kimetosha. Mtoto aliyelishukuru goti la kushoto alikuwa anajua vizuri sana habari za goti la kulia. Tena nathubutu kusema kwamba shukrani yao ya kutaja jambo moja moja ni namna ya kuona sawasawa. Watu wanaojua kwamba chupa mbili za dawa ziko kwa mwenye duka wanajua pia kwamba hospitali ya wilaya haina hata moja.

Hebu tulitazame jambo hili katika sala zetu wenyewe. Neno Ekaristi lina asili ya Kigiriki, na maana yake ni shukrani. Katika kila Misa padre huwaalika waamini kumshukuru Bwana, nao huitikia kwamba kufanya hivyo ni vema, tena ni haki. Kanisa linapomshukuru Mungu hulitaja neno haki papo hapo, na mara baadaye huanza kuomba: kwa ajili ya Kanisa, kwa ajili ya walio hai, kwa ajili ya marehemu. Hakuna anayemwambia padre kwamba kwa kuwa ameshashukuru asiombe tena.

Na wale wakoma kumi wa Injili ya Luka? Kila mwaka tunawalaumu tisa waliokwenda zao, nami nimewalaumu mara nyingi. Lakini angalieni: Bwana wetu aliuliza waliko wale tisa, wala hakuwarudishia ukoma wao. Uponyaji wao haukuwa mkopo wa kulipwa kwa shukrani. Sisi je? Mwaka juzi tulipoichangia familia hii nauli, tuliwaita mbele ya altare baada ya matangazo, baba akatoa neno la shukrani kwa sauti ya kutetemeka, kisha akamkabidhi mwenyekiti wa Halmashauri ya Walei jogoo. Tulipiga makofi. Jogoo yule aliliwa nyumbani kwa mapadre, nami nilikuwa mezani. Baadaye sana nilijua kwamba ndiye aliyekuwa amebaki bandani.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya utume wa walei, ulituonya tusitoe kama zawadi ya mapendo kile ambacho mtu anastahili kupewa kwa haki. Miaka miwili kabla ya hapo Papa Yohane wa 23, katika barua yake kuhusu amani duniani, alikuwa ameyataja matibabu miongoni mwa haki za binadamu. Basi, tukimpeleka mtoto hospitali na kumfanya baba yake asimame na jogoo mbele ya watu mia tano, tumempa haki yake kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine tumemtoza.

Najua ubishi utakaoletwa, na ni ubishi wa watu waaminifu. Wengine watasema: nchi yetu haina fedha, watoto wengi wanakufa kwa malaria, itakuwaje tushughulike na ugonjwa wa mtoto mmoja katika elfu tano? Ni kweli kwamba dawa za hemofilia ni ghali. Ipo hata dawa iliyoidhinishwa kwanza nchini Marekani mwaka 2017, ambayo huchomwa chini ya ngozi mara moja kwa juma, au kwa majuma mawili au manne, mgonjwa asitafutiwe mshipa kila mara. Bei yake ni ya kutisha. Lakini katika mahitaji ya familia hii yapo mengi yasiyo na bei kubwa. Mhudumu wa zahanati kujua kwamba mtoto huyu asipewe aspirini wala asichomwe sindano ya msuli bila ushauri wa wataalamu. Barafu. Jokofu moja la uhakika karibu na watu. Kiti kwenye basi. Ndugu wa mume kuacha kumshauri amfukuze mkewe.

Tena ugonjwa kuwa adimu hakumaanishi kwamba wagonjwa hawawezi kusikika. Frank Schnabel, mtu wa Montreal nchini Kanada, alikuwa mgonjwa wa hemofilia kali alipoanzisha Shirikisho la Hemofilia Duniani mwaka 1963. Shirikisho hilo limepeleka dawa za msaada katika nchi nyingi zisizoweza kuzinunua, na tarehe 17 Aprili, siku aliyozaliwa Schnabel, imekuwa Siku ya Hemofilia Duniani. Desemba 2021 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio juu ya watu wanaoishi na magonjwa adimu. Maazimio, nakubali, hayapoozi goti. Ila yanatupa haki ya kuuliza maswali. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa hapa nchini mwaka 2023: je, Kamati zetu za Haki na Amani zimewahi kumwalika diwani au mganga mkuu wa wilaya awaeleze waamini itamgusaje mtoto wa namna hii? Yetu haijafanya hivyo. Tumefanya semina tatu za elimu ya uraia, zote nzuri, wala hatukuliuliza hilo.

Viongozi wa jumuiya, nawaombeni jambo moja la haraka. Msisubiri familia yenye mgonjwa wa kudumu ije kuomba kila mwezi kana kwamba ni mara ya kwanza. Ugonjwa huu hauishi. Basi na nauli iandikwe katika bajeti, kama tunavyoandika mishumaa na divai. Wala wasiitwe tena mbele ya altare. Wakitaka kutoa shukrani watatoa wenyewe, kwa wakati wao na kwa maneno yao.

Mimi nami nina deni. Jumapili iliyofuata baada ya ziara ile nilisimama nikasahihisha maneno yangu, nikiwa na aibu isiyo ndogo, na kiongozi wa jumuiya akalirudisha jina kwenye orodha kabla hata sijamwomba. Sasa liko jambo jingine. Mwezi Januari mtoto ataanza darasa la kwanza. Kanuni za shule zetu zingali zinaruhusu viboko, na kiboko kimoja ambacho kwa mwenzake ni maumivu ya dakika chache, kwake chaweza kuwa juma zima kitandani au zaidi ya hapo. Baba yake alikwenda shuleni kueleza, akaambiwa alete barua, kisha akaambiwa barua ya mzazi haitoshi. Kamati ya Haki na Amani imeandika barua kwa mwalimu mkuu, imeambatanisha cheti cha daktari, na nakala imekwenda kwa afisa elimu. Hatujajibiwa. Jumatatu ijayo, saa tatu asubuhi, mwenyekiti wa kamati, katekista na mimi tutakwenda shuleni pamoja na wazazi. Aliye na nafasi na aje.