Pengo la Brady halikufunga zile alama 38

Kuna neno ambalo sisi waandishi wa michezo tunalipenda kupita kiasi: pengo. Nyota akiumia, kichwa cha habari kinakuwa tayari kabla hata daktari hajasema lolote. "Pengo la fulani laitesa timu". Timu ikifungwa, ni pengo. Ikishinda, ni "licha ya pengo". Msimu unaisha, na hakuna aliyehukumiwa, maana kesi nzima kabebeshwa mtu aliyekuwa nyumbani kakunjua mguu juu ya kochi.

Mfano wangu leo utawashangaza wadau waliozoea kuniona nikiandika soka. Ni New England Patriots wa mwaka 2008, kwenye ile ligi ya futiboli ya Kimarekani, NFL. Miaka mingi imepita lakini msimu ule bado unabishaniwa, na kwa maoni yangu unabishaniwa vibaya na pande zote mbili.

Kwa wale ambao mchezo huu wanauona kwenye sinema tu: kila timu ina mtu anaitwa kwotabeki. Karibu kila shambulizi linaanzia mikononi mwake. Anaupokea mpira, ana sekunde mbili tatu za kuamua amrushie nani au ampe nani akimbie nao, na wakati huo huo majitu ya kilo mia na ushee yanamjia mbio. Ukitaka kumfananisha na mtu wa soka itabidi umchanganye kiungo mchezeshaji, nahodha, na nusu ya kocha. Lakini kuna kitu kimoja hafanyi, nacho naomba ukishike: halindi. Mpira ukienda kwa wapinzani, kwotabeki anatoka nje kukaa kwenye benchi, na wanaingia watu wengine kumi na mmoja ambao kazi yao ni kuzuia tu.

Haya. Mwaka 2007 Patriots walishinda michezo yote 16 ya ligi. Yote! Tom Brady alirusha pasi 50 za tachidauni, rekodi wakati ule, na timu ikafunga alama 589, nayo rekodi wakati ule. Wakafika Super Bowl bila doa, wakafungwa na New York Giants 17-14. Kwa hiyo 2008 ilikuwa mwaka wa kurudi kuchukua chao. Septemba 7, mchezo wa kwanza, robo ya kwanza, beki wa Kansas City Chiefs, Bernard Pollard, akiwa tayari ameangushwa chini, akajirusha na kumpiga Brady kwenye goti la kushoto. Kano mbili zikachanika. Ulikuwa mchezo wa 111 mfululizo wa ligi ambao Brady aliuanza, na ndio ukawa mchezo wake wa mwisho mwaka ule. (Msimu uliofuata ligi ikakaza kanuni: mlinzi aliyeko chini asiirukie miguu ya kwotabeki. Watu wakaibatiza kanuni ya Brady. Wengi walishavunjwa magoti kabla yake na hakuna kanuni iliyopewa jina lao, lakini hiyo tuiache.)

Akaingia Matt Cassel. Hapa ndipo hadithi inapokuwa tamu. Huyu bwana hakuwa ameanza mchezo wowote kama kwotabeki tangu alipokuwa sekondari. Chuoni, USC, alikaa nyuma ya Carson Palmer, kisha nyuma ya Matt Leinart, na wote wawili walichukua tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa vyuo. Mwaka 2005 Patriots wakamchagua raundi ya saba, ya mwisho, akaenda kukaa nyuma ya Brady. Hebu fikiria, karibu miaka tisa ya kushika chupa ya maji. Shambulizi lake la kwanza siku ile lilimkuta kabanwa karibu kabisa na mstari wake wa mwisho, na akamrushia Randy Moss pasi ya yadi 51. Wakashinda 17-10. Wiki iliyofuata wakaenda kwa New York Jets wakashinda 19-10. Watu wakaanza kupumua.

Kisha ikaja Septemba 21.

Miami Dolphins walikuja Foxborough wakiwa timu ya kuchekwa. Mwaka uliotangulia walishinda mchezo 1 na kupoteza 15. Siku ile wakatoa kioja: mara kadhaa walimpeleka kwotabeki wao pembeni, mpira ukaenda moja kwa moja kwa mkimbiaji wao, Ronnie Brown. Akikimbia nao, anapita. Wakimkusanyikia wote, anarusha. Mtindo huo ndio uliokuja kuvuma kwa jina la Wildcat. Brown alikimbia tachidauni nne na kurusha ya tano, peke yake. Miami 38, Patriots 13.

Magazeti kesho yake? Wengine waliandika habari za mtindo mpya, ni kweli. Lakini hukumu iliyobaki kwenye vichwa vya watu ni kwamba Patriots bila Brady si lolote. Nauliza tena swali langu la kitoto: zile alama 38 angezizuia Brady? Akiwa amekaa kwenye benchi na kofia yake? Kocha Bill Belichick, ambaye jina lake lote limejengwa kwenye ulinzi, alionyeshwa kitu asichokitegemea na hakupata dawa mpaka filimbi ya mwisho. Hilo si pengo la goti la mtu.

Nimerudia matokeo yote 16 ya msimu ule, moja baada ya jingine. Walipoteza michezo mitano. Katika minne kati ya hiyo mitano waliruhusu alama 30 au zaidi: 38 kwa Miami, 30 kwa San Diego, 34 kwa Jets, 33 kwa Pittsburgh. Katika michezo 11 waliyoshinda hawakuruhusu 30 hata mara moja. Sasa nisiwe mwongo: wa Pittsburgh, Cassel aliwasaidia wapinzani mwenyewe kwa kupoteza mpira ovyo, na ukimpa adui mpira mlangoni kwako usimlaumu kipa. Ila chukua ule wa Jets, Novemba 13. Cassel alirusha yadi 400. Ikiwa imebaki sekunde 1, narudia, sekunde moja, akampata Moss kwenye kona kwa tachidauni ya kusawazisha, 31-31. Muda wa nyongeza, Jets wakashinda kura ya shilingi, wakaenda na mpira mpaka wakapiga teke la alama 3, mchezo ukaisha hapo hapo maana ndivyo kanuni ilivyokuwa. Cassel hakuugusa mpira tena. Siku kumi baadaye akaenda Miami, akarusha yadi 415, wakawalipa Dolphins 48-28. Huyo ndiye "pengo".

Simaanishi kwamba Brady hakukosekana. Alikosekana, na gharama yake inaonekana kwa macho: kutoka alama 589 mpaka 410, yaani pungufu ya alama 179, zaidi ya alama 11 kwa kila mchezo. Mwaka 2007 Brady aliangushwa na mpira mkononi mara 21. Cassel aliangushwa mara 47, na kwa kiasi kikubwa ukuta wa mbele yake ulikuwa ule ule. Brady alijua pa kuutupa mpira kabla hatari haijafika. Cassel aliushika na kuutazama kama mtu anayesoma ujumbe wa simu katikati ya barabara. Shule hiyo hufundishwi kwenye benchi. Mpaka Desemba lakini alikuwa ameisoma. Baba yake mzazi alifariki mapema mwezi ule, na siku chache baadaye akaingia uwanjani kule Oakland, akarusha tachidauni nne, wakashinda 49-26. Wiki iliyofuata, kwenye theluji, wakawachapa Arizona Cardinals 47-7. Hao Cardinals, kwa taarifa yako, walikwenda kucheza Super Bowl ya msimu ule ule!

Walimaliza na ushindi 11 na vipigo 5, na bado wakakosa hatua ya mtoano. Mara ya mwisho timu ya 11-5 kukosa ilikuwa Denver mwaka 1985. Hapo ndipo mashabiki wa Boston walipopata kilio cha pili: tumeonewa na mfumo. Kwa sababu San Diego walimaliza 8-8, wakaongoza kundi lao dhaifu, wakaingia mtoano tena wakiwa wenyeji.

Inauma, nakubali. Lakini twende taratibu. Miami nao walimaliza 11-5 kwenye kundi lile lile. Walifungana na Patriots kila mmoja mara moja. Ndani ya kundi, wote 4-2. Ikabidi kuangalia matokeo dhidi ya timu zote za AFC, ule upande wa ligi waliomo wote wawili: Miami 8-4, Patriots 7-5. Nafasi za ziada nazo zikawaponyoka, maana Baltimore nao walikuwa na 11-5 na 8-4 hiyo hiyo. Na vipigo vyote vitano vya Patriots vilitoka kwa timu za AFC. Wangegeuza kimoja tu wangemaliza 12-4 na kundi lingekuwa lao. Kile cha Septemba 21 nyumbani, mbele ya timu ya 1-15, kingetosha. Kile cha Indianapolis, walipofungwa 18-15 kwa teke la yadi 52 la Adam Vinatieri, mtu aliyewapa wao wenyewe vikombe miaka ya nyuma, kingetosha. Mfumo haukubadilishwa katikati ya msimu.

Halafu tazama walimshinda nani. Kansas City walimaliza 2-14. St. Louis 2-14. Seattle 4-12. Oakland 5-11. Timu zilizomaliza na ushindi mwingi kuliko vipigo ambazo Patriots waliziweza ni tatu tu: Jets, Miami na Arizona. Ratiba ile ilikuwa laini, na anayeutumia msimu wa 2008 kuthibitisha kwamba Belichick hakumhitaji Brady ajipange upya. Mwaka 2020 Brady alipohamia Tampa Bay na kubeba Super Bowl huku Patriots wakimaliza 7-9, kambi ya Belichick ilikimbilia 2008: "mbona na Cassel alishinda 11?" Alishinda 11 akiwa na Moss, na Wes Welker, na timu iliyokuwa 16-0 miezi michache nyuma. Ile ya 2020 haikuwa na hata robo ya hiyo.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii, na najua nitapingwa. Safu ya ushambuliaji ya Patriots 2008 ilifaulu kuliko ilivyotarajiwa, na Cassel anastahili sifa hiyo kwa jina lake, si kama "yule wa badala". Ulinzi ulifeli siku ambazo kufeli kulikuwa na bei, na Belichick ndiye mwenye ulinzi. Wakati wote wanamlilia Brady, hakuna aliyemwuliza.

Cassel hakukaa kuipokea hata hiyo sifa. Februari 2009 alipelekwa Kansas City, timu ile ile iliyomvunja Brady, pamoja na mkongwe Mike Vrabel, na Patriots wakapata chaguo moja la raundi ya pili. Mwaka 2010 aliwapa Chiefs ushindi wa kundi lao wakiwa 10-6. Na Brady akarudi 2009, goti limepona, pengo limezibwa. Patriots wakashinda michezo 10, mmoja pungufu ya ile ya Cassel. Safari hii 10 zilitosha kuingia mtoano. Wakawapokea Baltimore nyumbani, mchezo wa kwanza tu, wakafungwa alama 33 kwa 14.