Nyoka Huuma, Umaskini Huua



Mtu aumwapo na nyoka kijijini, wengi husema ni bahati mbaya. Wengine hunong'ona kwamba nyoka huyo ametumwa. Kwa maneno hayo mjadala hufungwa, na aliyeumwa huachiwa mzigo wake peke yake. Sisi twaona kwamba jambo hili si la bahati wala la uchawi, bali ni la haki.

Tutazame ni nani aumwaye. Katika nchi kavu kama Baringo, huko Kenya, ni mtoto achungaye mbuzi bila viatu, ni mama aokotaye kuni, ni mkulima afyekaye kichaka. Moma hakimbii asikiapo nyayo. Hutulia akifanana na majani makavu hata akanyagwe. Nyumbani nako, nafaka iliyowekwa chumbani huvuta panya, panya humvuta swila, na alalaye sakafuni ndiye wa kwanza kufikiwa. Mwenye viatu, kitanda, taa na ghala hayumo katika hatari hiyo kwa kiasi kile kile.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kwa sumu ya nyoka, na wanaokatwa viungo au kupata ulemavu wa kudumu ni karibu mara tatu ya hao. Hata hivyo, ilikuwa mwaka 2017 tu msiba huu ulipowekwa katika daraja la kwanza la magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Kwa kweli waliosahauliwa ni wagonjwa wenyewe.

Dawa ya kuzuia sumu ipo, lakini ni ghali, na mara nyingi haipatikani katika zahanati iliyo karibu. Tusiwacheke wanaokimbilia chale na jiwe jeusi. Mlango mwingine wameukuta umefungwa. Lakini tuwaambie wazi: vitu hivyo havitoi sumu mwilini, na hupoteza saa za kuokoa uhai.

Basi kila jumuiya ndogo ndogo ifyeke majani kuzunguka nyumba, itenge nafaka na mahali pa kulala, na ijue mapema ni nani mwenye chombo cha kumpeleka aliyeumwa hospitali, hata usiku. Nao viongozi wa walei wahudhurie vikao vya bajeti na kuuliza kama zahanati yetu imetengewa dawa hiyo. Wasiondoke bila jibu la maandishi.