Adabu ya Nyumbani na Adabu ya Ugenini

Mwezi wa Septemba 1959 vijana 81 wa Kenya, wake kwa waume, walipanda ndege Nairobi kwenda kusoma katika vyuo vya Marekani, kwa jitihada za Tom Mboya na rafiki zake wa huko. Wengine waliwafuata katika miaka iliyoandama. Nyuma yao palikuwa na wazee waliouza ng'ombe na majirani waliochanga shilingi, hata kushindwa kwa mmoja kusingekuwa aibu yake peke yake.

Kiingereza walikijua tangu shuleni. Kilichowatatiza si maneno, bali adabu iliyomo ndani ya maneno.

Salamu, kwa mfano. Nchini Kenya mtu huulizwa habari za nyumbani, za watoto, za mifugo na za mvua, naye hujibu "njema" hata akiwa na mgonjwa kitandani. Baadaye ndipo aongezapo, "ila tu," na hapo habari yenyewe huanza. Mmarekani huuliza "U hali gani?" na mguu wake haujasimama. Mgeni aanzapo kueleza, mwenye kuuliza amekwisha pita.

Mezani nako ni vivyo hivyo. Mgeni hukaribishwa chakula, naye kwa heshima hukataa, akingoja kubembelezwa. Mwenyeji huliamini neno lile la kwanza, huondoa sahani, na mgeni hulala na njaa katika nyumba yenye chakula tele. Tena akiambiwa, "Njoo ututembelee siku moja," asifunge safari. Mpaka siku na saa zitajwe, huko si kukaribishwa bado, ni kuagana tu.

Lakini penye hasara kubwa ni darasani. Mtoto aliyelelewa vyema katika sehemu nyingi za Kenya hamkazii mzee macho, wala hambishii mwalimu mbele ya watu. Katika vyuo vya Marekani mwalimu hupenda kuulizwa na hata kubishiwa, na mara nyingi sehemu ya alama hupewa yule ashirikiye mazungumzo ya darasa. Anyamazaye hudhaniwa hakusoma. Ainamishaye macho hudhaniwa ana la kuficha. Hivyo kijana aliyekesha na kitabu aweza kuhesabiwa pamoja na mvivu, na alama zikipungua, msaada wa karo nao huingia mashakani.

Mtu asidhani ya kuwa Mmarekani hana adabu. Adabu yake ni kusema wazi na kutompotezea mwenziwe wakati. Wala hapana haja ya kwenda ng'ambo kuyaona haya: mtu wa Mombasa akimsikia wa bara akisema "Nipe maji," hushtuka kana kwamba ameamriwa na askari.

Dawa ifaayo ni kumwendea mwalimu ofisini baada ya kipindi na kumwambia, "Nyumbani nilifundishwa kunyamaza mbele ya mkubwa." Neno hilo moja laweza kuokoa muhula mzima, kwani walimu wengi hawana habari. Mwenye kungoja watambue wenyewe atangoja sana.

Kisha kuna ugeni wa pili, nao ni wa kurudi. Aliyezoea kusema wazi huonekana kwao amekosa heshima, na kwa mwanamke lawama huzidi. Wangari Maathai, aliyekwenda mwaka 1960 akasoma Atchison, Kansas, alirudi Kenya mwaka 1966. Mwaka 1989 alipopinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kusimamishwa katika Uhuru Park, Nairobi, Rais Moi alisema kwamba mwanamke afuataye desturi ya Kiafrika yampasa kuwaheshimu wanaume na kunyamaza. Hakunyamaza, na jengo lile halikujengwa.