SHEREHE YA KATUNI: NANI HASA ANASHEREHEKEWA?

Bismillahir Rahmanir Rahim



Ndugu zetu wazazi wa Biryogo, Nyamirambo na kote mnakotusoma,

Imetufikia kadi ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Kadi zenyewe siku hizi hazichapwi, zinatumwa kwenye simu. Hii ya mwisho ina picha kubwa ya Elsa, yule binti wa barafu wa filamu ya Frozen, amejaa kadi nzima. Chini imeandikwa kwamba watoto wote waje na nguo za rangi ya samawati, na kwamba zawadi "ziendane na sherehe." Tulitafuta jina la mtoto anayetimiza miaka mitano. Tulilikuta pembeni, kwa herufi ndogo, karibu na namba ya kuchangia kwa MoMo.

Ndipo tukajiuliza: Je, ni nani hasa anayesherehekewa hapa?

Tumeandika makala hii tukijua kwamba itawaudhi baadhi yetu. Na tunakiri tangu mwanzo kwamba hatusemi kama watu tuliosimama pembeni. Miongoni mwetu tunaoandaa jarida hili wapo waliofanya sherehe za namna hii, wakapulizia baluni mpaka mashavu yakauma. Kosa tunalolisema tumelifanya kwa mikono yetu.

SIO UGOMVI ULE WA HALALI NA HARAMU PEKE YAKE

Kila jambo hili likitajwa msikitini, watu hugawanyika mara moja. Mmoja anasema ni bidaa na kujifananisha na wasiokuwa Waislamu. Mwingine anajibu kwamba ni mila tu, hakuna anayeiita ibada. Ugomvi huo si wa Kigali peke yake. Mwaka 2008 huko Saudi Arabia, Sheikh Salman al-Odah alisema kwenye televisheni kwamba haoni ubaya kukumbuka siku ya kuzaliwa maadamu haifanywi kuwa Idi. Mufti Mkuu wa nchi hiyo, Sheikh Abdulaziz Al al-Shaykh, akampinga waziwazi. Ikiwa wakubwa wa elimu wamevutana, sisi hatutajifanya tumelimaliza kwenye ukurasa mmoja. Mwenye kutaka hukumu amwendee mwanachuoni anayemwamini.

Lakini tunaona ugomvi huo umekuwa kichaka cha kujifichia. Anayesema haramu anadhani kazi yake imekwisha, kumbe amemwacha mtoto wa miaka mitano analia na hajampa kitu badala yake. Na anayesema ni mila tu naye anadhani amemaliza, kumbe hajaulizwa swali lenyewe: mila ya nani? Mababu zetu waliojenga mitaa hii hawakutuachia mila ya kumvisha mtoto nguo ya binti wa barafu katika mitaa isiyoanguka theluji!

KATUNI NI DUKA

Wengi wetu tunadhani katuni ni hadithi ya watoto, halafu kwa bahati watu wakaanza kuuza vitu vyenye picha zake. Tuangalie historia.

Mickey Mouse alitoka mwaka 1928. Walt Disney mwenyewe alisimulia kwamba mwaka uliofuata mtu mmoja alimpa dola 300 katika hoteli moja ya New York ili aruhusiwe kuweka picha ya panya huyo kwenye madaftari ya watoto. Kufikia 1933 saa za mkononi za Mickey zilikuwa madukani. Hapo angalau hadithi ilitangulia na bidhaa ikafuata.

Baadaye mambo yaligeuka. Kampuni ya Mattel iliuza midoli ya He-Man mwaka 1982, na katuni yake ikaja 1983, baada ya midoli! Mwaka 1984 serikali ya Marekani ikaondoa mipaka ya matangazo katika vipindi vya watoto, na katuni za namna hiyo zikamiminika. Na hawa mbwa wa Paw Patrol ambao watoto wetu wanawajua kwa majina, mmoja mmoja, kuliko wanavyowajua Makhalifa? Walianza kuonyeshwa mwaka 2013, na aliyewatoa ni kampuni ya Spin Master ya Kanada, ambayo kazi yake ni kutengeneza vitu vya kuchezea.

Basi tuelewane. Katuni za aina hiyo ni duka lenye muziki. Na mwaka 2004 Jumuiya ya Wanasaikolojia ya Marekani ilitoa ripoti kwamba watoto walio chini ya miaka minane hawana bado uwezo wa kutambua kwamba tangazo lina nia ya kuwashawishi. Wao wanaliona ni kweli tupu. Mtoto wa miaka mitano anaposema "Mama, nataka sherehe ya Elsa," anayezungumza ni muuzaji, na mtoto amepewa tu sauti ya kusemea. Mzazi aliyepewa akili na Mwenyezi Mungu ndiye aliyepaswa kusimama katikati ya mtoto na muuzaji huyo. Sisi tumefanya nini? Tumekuwa wabeba mizigo wa duka!

TUPIGE HESABU

Mama mmoja miongoni mwetu ametupa hesabu ya sherehe ya binti yake wa miaka mitano, na ametukubalia tuiandike bila kumtaja:

- Keki yenye picha: faranga 45,000
- Nguo ya mtoto: 20,000
- Baluni na pazia la kupigia picha: 25,000
- Sahani, vikombe na kofia zenye picha: 18,000
- Spika na mshereheshaji: 30,000
- Mpiga picha: 20,000
- Soda na juisi: 24,000
- Pilau na sambusa: 50,000

Jumla ni faranga 232,000. Sasa toeni vilivyoliwa na kunywewa, yaani keki, pilau, sambusa, soda na juisi: 119,000. Zinabaki faranga 113,000 ambazo hakuna tumbo la mtoto lililoziona. Karibu nusu ya fedha zote zimekwenda kwenye sura ya katuni, kelele na picha. Asubuhi yake vile vikombe vilikuwa kwenye gunia la taka, na baluni zimesinyaa ukutani.

Na fedha zilitoka wapi? Sehemu yake ilikuwa zamu yake ya ikimina, fedha aliyokuwa amekusudia kulipia muhula wa mtoto wake mkubwa. Muhula ulipofunguliwa alikuja kukopa kwetu.

Kisha akatuambia neno lililotunyamazisha wote. Binti yule alipozaliwa, akika haikufanywa. "Hali ilikuwa ngumu," alisema, "tukasema tutafanya baadaye." Baadaye hiyo ikapita miaka mitano. Kwa zile faranga 113,000 mbuzi mmoja angepatikana, na akika ya mtoto wa kike ni mnyama mmoja.

Hatumhukumu dada yetu huyu. Ni mkweli kuliko wengi wetu, na ndiye aliyetusukuma tuandike. Lakini kila mmoja na ajiulize usiku wa leo: mtoto wangu ambaye nimemfanyia keki ya Spider-Man, je, nilimfanyia akika? Jina lake lilipotangazwa, jirani alipata hata kipande cha nyama?

MTOTO ALIYEBAKI NYUMBANI

Tuseme una uwezo. Hukukopa, watoto wote umewafanyia akika, fedha ni zako za halali. Je, hapo neno letu halikuhusu?

Linakuhusu zaidi, ewe mwenye uwezo. Katika mojawapo ya sherehe hizo, mtoto wa nyumba ya nne hakuja. Mama yake alisema ana homa. Saa hiyo hiyo, baadhi yetu tuliokuwa tunakwenda na zawadi zetu tulimkuta mtoto huyo bombani na kidumu chake, mzima kabisa. Alitutazama, akatazama ile mifuko inayong'aa, akainamisha kichwa.

Hakuwa na nguo ya samawati. Hapakuwa na zawadi ya "kuendana." Mama yake akaona afadhali aseme uongo kuliko mwanawe asimame kwenye picha akiwa na gauni la madrasa. Nani aliyemsukuma mama yule kusema uongo? Ni sisi, kwa mstari mmoja tulioandika kwenye kadi!

Zamani mtaani kwetu mtoto aliyesikia harufu ya pilau aliingia, akanawa, akala. Hakuulizwa amevaa nini. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba karamu mbaya ni ile wanayoalikwa matajiri na kuachwa maskini. Msitari wa mavazi kwenye kadi ni njia mpya ya kuwaacha maskini bila kuwafukuza mlangoni. Wanajifukuza wenyewe, na sisi tunalala tukijiona wakarimu.

MAJIBU KWA WANAOTUPINGA

Wapo wanaosema: "Mtoto wangu atajiona duni mbele ya wenzake." Kweli, mtoto huumia. Lakini nani aliyeweka kipimo? Sherehe yako ya mwaka huu ndiyo kipimo cha jirani mwakani. Wakiacha watu watano katika mtaa mmoja, kipimo kinaanguka chenyewe.

Wapo wanaosema: "Kwa hiyo mnataka watoto wasiangalie katuni?" Hatukusema hivyo. Zipo katuni zinazofundisha vizuri. Ubongo Kids, iliyoanza Tanzania mwaka 2014, inawafundisha watoto hesabu kwa Kiswahili. Upin na Ipin wa Malaysia walianza mwaka 2007 kwa hadithi za watoto wawili wanaojifunza kufunga Ramadhani. Watoto waangalie, wacheke. Lakini hata katuni nzuri haistahili kukaa kwenye kiti cha mtoto wako siku unayomshukuru Mwenyezi Mungu kwa kumpa uhai.

Na wapo wazee wetu wa safu ya mbele watakaofurahi wakisoma haya na kusema, "Tuliwaambia hawa wanawake!" Tunawaomba wasifurahi mapema. Harusi za mabinti zenu tulizihudhuria. Mapambo tuliyaona, magari yaliyokodiwa tuliyahesabu, na madeni tunayajua. Mtoto haanzi israfu akiwa na miaka mitano, anaikuta nyumbani. Qur'ani imewaita wabadhirifu ndugu wa mashetani, na haikusema ni wanawake tu.

TUNAPENDEKEZA NINI?

Kukataza bila kutoa badala ni uvivu. Sisi tulio katika jarida hili tumekubaliana haya katika nyumba zetu, na tunawaomba nanyi myatazame:

1. Mwenye mtoto ambaye hakufanyiwa akika aanze na hiyo kabla ya sherehe yoyote. Wapo wanazuoni waliosema inaweza kufanywa hata baada ya siku ya saba kupita, basi muulize imamu wako.

2. Mwenye kutaka kumfurahisha mtoto apike chakula, aite watoto wote wa mtaa wake, bila kadi, bila rangi ya nguo, bila zawadi. Siku iwe yoyote: akimaliza juzuu madrasani, akipanda darasa, akipona maradhi. Hapo mtoto anasherehekewa kwa jambo alilolifanya au neema aliyoipata, na wale wenye shaka na siku ya kuzaliwa nao watakuja kula.

3. Pazia la picha alichore mtoto mwenyewe. Mpe karatasi kubwa na rangi. Tumejaribu hili mara moja: mtoto alichora nyumba yao, mbuzi wa jirani, na pikipiki ya baba yake yenye magurudumu matatu. Watu wazima walilitazama pazia lile kuliko walivyowahi kutazama picha ya Elsa.

4. Fedha ya ikimina iliyowekwa kwa ajili ya shule isiguswe kwa sherehe. Tumeomba vikundi vyetu viandike jambo hili katika kanuni zao.

TUNAMALIZIA

Wazazi wenzetu, miaka mitano inapita haraka. Mtoto hatakumbuka kikombe kilikuwa na picha gani. Atakumbuka kama nyumba yao ilikuwa na furaha au ilikuwa na ugomvi wa deni. Na yule aliyekuwa bombani na kidumu chake, yeye atakumbuka mlango upi ulikuwa wazi.

Yule dada yetu wa hesabu ametuambia ameanza kuweka faranga kidogo kidogo kwa ajili ya mbuzi. Siku ikifika, inshaallah, mtaa mzima utakula, na jina la binti yake litatajwa kwa sauti kubwa, wala si kwa herufi ndogo pembeni.

Mwenyezi Mungu atujaalie watoto wetu wawe kitulizo cha macho yetu, na atuepushe na kujionyesha. Amin.

Wabillahi Tawfiq.