Kileo cha Krismasi na Kaskazi ya Desemba

Mwenye kutafsiri hadithi ya Krismasi ya Ulaya kwa Kiswahili hukwama mapema: theluji inayoanguka Desemba aiweke katika majira gani? Wengi huandika kipupwe, na msomaji wa Lamu au Mombasa hushangaa, kwani kipupwe chake huja Juni na kwisha Agosti, na Desemba kwake ni mwanzo wa kaskazi, upepo utokao upande wa kaskazini ukileta joto na, hapo kale, majahazi ya Waarabu. Mjerumani huyafunga madirisha kwa ajili ya baridi ya kaskazini. Mswahili huyafungua kwa ajili ya joto la kaskazi. Tofauti hii yaonekana ndogo ikibaki katika kamusi. Ikifika mezani, pale watu wanapochagua kileo cha sikukuu, huwa kubwa, na aghalabu wasomi ndio wa kwanza kuisahau.

Vileo vya majira ya baridi huko Ulaya vina sababu zake, na sababu hizo zimo katika hali ya hewa na katika ghala la mkulima. Mfano ulio bora ni divai ya moto ambayo Wajerumani huiita Glühwein. Katika masoko ya Krismasi, lile la Dresden likiwa limeanza mwaka 1434, watu husimama nje usiku, pumzi zikiwatoka kama moshi, kila mmoja amekumbatia kikombe kwa mikono miwili. Ndani yake mna divai nyekundu iliyopashwa moto pamoja na sukari, machungwa, mdalasini na karafuu. Mwandazi hodari haiachi ichemke, kwa kuwa kilevi huchemka kwenye nyuzi 78 na kutoweka kwa mvuke, na ladha ya viungo nayo huharibika. Hapana haja ya divai ghali hapa. Sukari na viungo vingeizika. Waswidi wana ndugu yake, glögg, itiwayo iliki na kunywewa pamoja na lozi na zabibu kavu zilizozama kikombeni.

Kuhusu karafuu, msomaji wa Kiswahili ana lake la kusema. Zao hili lenye asili ya visiwa vya Maluku lilipandwa Unguja na Pemba mapema katika karne ya 19, Sultani Seyyid Said akalieneza, na kufikia katikati ya karne hiyo sehemu kubwa ya karafuu za dunia ilitoka katika visiwa hivyo. Waliozilima na kuzichuma walikuwa watumwa. Harufu ambayo leo yadhaniwa kuwa ya Krismasi ya Kizungu ilipita katika bandari ya Unguja, na si vibaya kulikumbuka hilo kikombe kikiwa mkononi.

Sifa kuu ya kikombe hicho ni upole wake. Kilevi chake hakizidi asilimia 14.5, na kwa kuwa kinaunguza ulimi, hunywewa polepole. Hapo ndipo wengi wanapopotoka. Mwanafunzi Mkenya aliyefika Berlin au Minneapolis huambiwa na waliomtangulia kwamba brandi ndiyo blanketi. Ushauri huu ni mbaya, tena waweza kuua. Kileo hupanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi. Mnywaji huhisi joto kwa sababu joto la ndani ya mwili linapelekwa nje, na huko ndiko linakopotelea. Anayerudi bwenini kwa miguu usiku, theluji imetanda na wiski ya asilimia 40 imo kichwani, amelivua blanketi alilodhani amejifunika. Ikiwa lazima anywe, basi anywe akishafika nyumbani. Sheria nazo azijue: Ujerumani huruhusu bia na divai kwa mwenye miaka 16 na pombe kali kwa mwenye miaka 18, ilhali Marekani humkataza hata kijana wa miaka 20 aliyekuwa akinunua kihalali Nairobi.

Marekani pia ndiko kulikoshamiri kinywaji kiitwacho eggnog: mayai, maziwa, malai na sukari, kisha ramu au brandi, na kungumanga ya kukuna juu yake. Ni kizito mno, na mayai mabichi yana hatari ya vijidudu, hivyo wenye busara huyapika kidogo kwanza. Lakini kinachostahili kutazamwa zaidi ni kile walichofanya watu wa Puerto Rico. Kisiwa chao hakijui theluji. Krismasi waliipokea, ramu walikuwa nayo, na minazi imejaa pwani. Basi wakaunda coquito, ramu iliyochanganywa na tui la nazi, maziwa ya kopo na mdalasini, ikanywewa baridi katika bilauri ndogo. Hakuna awezaye kusema kwamba Krismasi yao imepungukiwa. Walichukua sikukuu, wakaiacha hali ya hewa ya wenyewe.

Kenya imefanya kinyume. Meza ya mwenye nafasi mjini, mnamo tarehe 25 Desemba, huwa na chupa ya wiski, chupa ya brandi na divai nyekundu iliyoshinda juu ya kabati. Mwenyeji ameambiwa kwamba divai nyekundu haiwekwi katika jokofu, eti hunywewa kwa joto la chumba. Chumba gani? Kanuni hiyo ilizaliwa katika nyumba za mawe za Ulaya, ambamo chumba kilikuwa na nyuzi 16 au 18. Sebule ya Mombasa mwezi huo hufikia nyuzi 30, na divai ikawa kama dawa ya kikohozi. Nusu saa ndani ya jokofu ingeiokoa. Afadhali zaidi ni divai nyeupe au bia iliyopoa, ambayo haigombani na nyama choma wala na jua la saa nane.

Kisha vipo vileo vilivyokuwa hapa kabla ya chupa hizo. Muratina ya Wakikuyu hutengenezwa kwa asali au maji ya miwa, na huchachushwa kwa tunda lililokaushwa la mwegea; hadi leo haikosekani katika shughuli nyingi za mahari. Mnazi wa Wamijikenda hugemwa asubuhi na jioni, ukawa mtamu ukiwa mbichi na mkali kadiri saa zinavyopita. Busaa ya mahindi na wimbi huko magharibi hunywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Hivi vyote ni vya kuchachushwa tu, na vyote vyahitaji watu wengi na muda mrefu. Hivyo vyaifaa sikukuu kuliko chupa ya mtu mmoja.

Mpinzani atataja vifo, na ana haki. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 waliangamia katika mitaa ya Mukuru, Nairobi, na Februari 2024 wengine zaidi ya 10 wakafa Kirinyaga. Tatizo ni methanoli, nayo hutiwa katika pombe kali ya bei duni na mfanyabiashara asiyejulikana na mnywaji. Sheria ya 2010 iliyohalalisha chang'aa kwa masharti ilikusudia kuziba pengo hilo, na bado halijazibika. Kwa hiyo anayechagua kileo cha kienyeji na aulize kwanza kimetengenezwa na nani, na kama mtengenezaji mwenyewe atakinywa. Mgema anayekaa jirani hujibu swali hilo kwa kupiga funda la kwanza.

Na asiyekunywa? Katika nyumba nyingi hupewa soda ya watoto na kuketishwa pembeni, awe Mwislamu, dereva au mama mjamzito. Wajerumani katika masoko yale yale huuza sharubati ya moto yenye mdalasini na karafuu, isiyo na tone la kilevi, katika vikombe vile vile. Jikoni kwa Mkenya mna tangawizi, ukwaju, ndimu na iliki. Saa moja ya matayarisho yatosha kuujaza mtungi mmoja, ukawekwa katikati ya meza.